Mnara Tuliopanda Siku ya Kupumzika

Tulimzika Nyambura mwezi uliopita, kwao Kedowa, na baridi ile ya kukata masikio, hema limefungwa kwa kamba kwenye ua wa mama yake. Nilikuwa kwenye ratiba. Waliandika "Rafiki", wakanipa dakika tatu. Kabla yangu maikrofoni ilipewa Kocha. Sitamwita jina hapa. Alikuwa mume wangu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na hata wakati huo nilimwita Kocha tu, kama kila mtu. Siku hizi ana kitambi, ana suti, ni mzee wa kanisa, na wasichana watatu wa kambi yake walikaa nyuma yake na traksuti za rangi moja. Akasema, "Nyambura alikuwa na miguu ya dhahabu. Lakini mkaidi! Tulikuwa Ulaya, kesho ni mbio, nikamwambia apumzike. Yeye akaenda kutalii! Akapanda mnara, akateleza kwa ngazi, mguu ukavunjika. Hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kipaji. Vijana, muwe mnasikia wakubwa." Watu wakacheka kile kicheko cha matangani, cha kutikisa kichwa. Mama mmoja karibu yangu akasema, "Woi, maskini, ngazi ya wazungu." Ratiba ikanidondoka. Nyambura hakuanguka kwenye ngazi yoyote. Hadithi ya ngazi niliitunga mimi, kwa mdomo wangu huu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nimeiacha itembee zaidi ya miaka ishirini. Emsii, yule mwendesha ratiba, alikuwa ananitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa bado sijaamua nitasema nini.

Mwaka ule niliishi kwenye ploti ya mabati nje kidogo ya mji wa Kericho, ndiyo ilikuwa kambi ya Kocha, vyumba kumi vinatazamana, choo mwisho, na nyuma ya choo majani chai mpaka macho yachoke. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza, mizani ya kupimia uzito, na msumari ukutani ambapo Kocha alitundika vitu viwili, saa yake ya kupimia mbio na kipande cha mpira wa maji. Asubuhi mizani kwanza, chai baadaye. Ikiwa mizani imepanda, chai hakuna. Jioni ni ugali na sukuma, na yeye ndiye alikata ugali, changu ukubwa wa ngumi ya mtoto, chake kilichobaki. Ikiwa Jumanne nimekimbia vizuri, tunalala. Nikichelewa hata sekunde nne, anafunga mlango, anaongeza redio, anatoa mpira kwenye msumari. Alinipiga mgongoni, mbavuni, kichwani ambapo nywele zinafunika. Lakini miguu hakugusa, hata siku moja. Kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa yai. Akimaliza kunipiga anapasha mafuta, ananikanda miguu polepole, ananiita "mama", ananiambia nina miguu ya kwenda Ulaya. Watu huniuliza, eti kwa nini ulikaa? Swali hilo linanikasirisha hadi leo. Nilikuwa na miguu mizuri, mtu huyu aliijua kuliko mimi, na mimi nilidhani bila yeye ingeacha kukimbia.

Ukuta wa mabati hauna siri, unasikia mtu akigeuka kitandani. Ploti nzima ilijua. Jioni moja, bado nimelala chini mahali aliponiacha, nilisikia vijana wawili wa mbio za nyika chumba cha pili. Mmoja akauliza, "Leo ni nini tena?" Mwenzake akajibu, "Kilomita ya nane alichelewa." "Ah," akasema wa kwanza, na wakaendelea kupika. Hiyo "ah" ndiyo ilikuwa kesi yote. Sikuwalaumu. Kwetu kocha akimwoa mwanariadha wake, watu wanaona amejenga, amefunga mlango wa zizi lake, na ng'ombe wa mtu haulizwi.

Nyambura alikuja kambini mwezi wa pili akiwa na begi moja na mdomo mkubwa. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu, wametoka mkoa wa Kati kitambo, wakalima viazi Kedowa, kwa hivyo Kipsigis alikijua vizuri, na alitutania nacho. Kocha alipenda kusema, "Bumsika, bumsika," kwa maana ya pumzika, kwa lafudhi yetu, na Nyambura alimwiga mbele yake bila hofu, hata Kocha mwenyewe akacheka. Nyambura alikuwa na ajenti wake mwingine. Kwa Kocha alikuja mazoezi tu. Siku ya tatu tulikuwa bafuni, tunajimwagia maji kwa karai, akaona mgongo wangu. Hakusema "pole". Alisema, "Chebet, huyu mtu ni mjinga ama?" Nikamwambia nilianguka kwenye matope. Akanitazama, akasema, "Kwa mgongo?" Akaendelea kujisugua.

Mwezi wa kumi tukaenda Bruges, huko Ubelgiji, mbio za barabarani. Tuliwekwa kwenye nyumba nyembamba ya matofali, sisi wawili chumba kimoja, Kocha chumba kingine, jikoni katikati. Begi langu lilikuwa nusu nguo nusu unga wa mahindi, maana hakuna mwanariadha wa kwetu anayeamini mkate. Sasa, wasiokimbia hawajui hili: siku moja kabla ya mbio, mtu hatembei. Unalala, unainua miguu ukutani, unafunga pazia. Kwenda choo ndiyo safari. Nimekwenda nchi sita, na ukiniuliza nchi hizo zinafanana vipi nitakuambia habari za dari zake. Kocha akatoka saa tatu asubuhi kwenda mkutano wa makocha, pasipoti zetu zote kwenye kijimfuko chake cha kiunoni. Akasema mlangoni, "Hakuna kutoka. Bumsika." Hatua zake zikaisha kwenye ngazi. Nyambura akaketi. "Mimi nikirudi Kedowa mama ataniuliza Ulaya ni namna gani. Nimwambie ni nyeupe na ina bulbu katikati?" Nikamwambia, lala, wewe. Akasema, "Lala wewe. Mimi naenda kuona mji." Alipofika mlangoni nilikuwa nimeshavaa viatu.

Hatukujua kutembea. Hiyo naikumbuka kuliko yote. Tulitoka kwa mwendo wa kufukuzwa, tukapita barabara tatu bila kuona kitu, na Nyambura akanivuta sweta. "Pole pole bwana, hatushindani. Mwenda pole hajikwai." Nikajilazimisha. Barabara zao zilikuwa za mawe ya mviringo, kama viazi vilivyopangwa, mabaya kabisa kwa kifundo cha mguu, na kila hatua nilikuwa nasikia Kocha kichwani. Baada ya saa moja nikaacha kumsikia. Tulisimama juu ya daraja dogo tukaangalia bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu. Tukaingia kanisa la giza lenye harufu ya nta, tukakaa tu, hatukuomba kitu. Mama mmoja mzee alikuwa anasuka lesi mlangoni kwake na vijiti vingi vidogo, na alipoona tunamwangalia akapunguza kasi ili tuone. Sokoni mwanamume alitupa kipande cha jibini kwenye kisu. Nyambura akasema, "Hii ni mursik iliyosahauliwa," na mimi nikatamani maziwa ya kibuyu ya nyumbani hadi machozi. Tukanunua chipsi za kwenye karatasi, na mayonezi juu, na hakuna mtu aliyenipima. Nilikula zote, nikalamba karatasi.

Kwenye uwanja mkubwa kulikuwa na mzungu mwenye mwavuli anaelekeza kundi la watalii kwa Kiingereza, tukasimama nyuma yao kwa wizi. Alikuwa anasema zamani watu walikatwa vichwa hapo, mchana, na watu wa mji walikuja kutazama na kurudi kazini. Nilimfasiria Nyambura, maana yeye aliacha shule darasa la saba. Akatazama zile nyumba nzuri kote, madirisha yote yanaangalia uwanja. "Na hawa wote walikuwa wanachungulia tu?" "Ndiyo." "Kama ploti yetu," akasema. Kisha akainua macho akaona ule mnara wa kengele, na nikajua tumekwisha.

Ngazi zilikuwa zaidi ya mia tatu, za kuzunguka, nyembamba kiasi kwamba ukikutana na mtu mmoja wenu lazima alale ukutani, na badala ya kishikio kuna kamba nene. Mwanariadha anayepanda ngazi mia tatu siku moja kabla ya mbio ni mwendawazimu. Tulipanda tukicheka. Juu kulikuwa na upepo, na paa nyekundu zimeenda mpaka zikaisha, na mashamba baada yake. Mara kengele zikaanza, hapo hapo juu ya vichwa vyetu, na hata ukipiga kelele hujisikii. Sijui nini kilinipata. Nikafungua mdomo nikapaza sauti, "Ananipiga! Kocha ananipiga! Ananipiga na mpira!" Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Nyambura akaniwekea mdomo sikioni akajibu kwa nguvu zake zote, "Najua! Kila mtu anajua!" Kengele zikakatika katikati, na "anajua" ikatoka peke yake kwenye upepo, wazungu wote wakageuka. Tulicheka hadi tukakaa chini. Halafu nikalia, na yeye akanishika mkono, akasema, "Ukirudi nyumbani, utoke. Utakuja kwetu, utakula viazi." Tukashuka. Nataka hili lisikike vizuri: Nyambura alishuka kila ngazi kwa miguu yake miwili, anaimba, na kule chini akaruka mbili za mwisho.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja. Kocha hakuwa amerudi. Nyambura akaweka maji ya ugali, mimi nikakaa kwenye kiti, miguu inatetemeka yenyewe. Kocha akaingia akiwa na furaha, mkutano umeenda vizuri, anasalimu. Akapiga magoti mbele yangu kama kila jioni kunikanda. Akashika shavu la mguu, akabonyeza kwa dole gumba vile mtu anabonyeza parachichi sokoni. Uso ukabadilika. Hakuuliza kama tumetoka; misuli ilikuwa imeshamwambia. "Umepanda nini?" Nyambura akasema kutoka kwa jiko, bila kugeuka, "Tumepanda mnara, Kocha. Kuzuri huko juu." Kocha akasimama akanipiga ngumi ya sikio, nikaanguka pamoja na kiti. Akanipiga teke la ubavu, la pili, la tatu, na hata wakati huo, sikia, alikuwa anazunguka asikanyage miguu yangu. Nyambura akamjia na mwiko. Ulikuwa na ugali moto, akampiga nao shingoni, ukanata. Akapiga nduru sijawahi kusikia mwanamume akipiga. Nyambura akampiga tena, na tena, anamtukana kwa Kikuyu, na kwa dakika moja nilidhani tutashinda.

Kisha Kocha akamshika mkono, akampindua. Miguu yangu ilikuwa yake, ndiyo maana aliihurumia. Ya Nyambura ilikuwa ya mtu mwingine. Alimvuta kwa mguu wa kushoto mpaka mlangoni, akauweka juu ya kizingiti, kile kibao cha mti kilichoinuka, akaruka juu yake na viatu. Mara mbili. Mara ya kwanza Nyambura alilia. Mara ya pili sauti ilikuwa ya mfupa, kama kuni kavu, na Nyambura hakulia tena. Na mimi? Nilikuwa nimeinuka. Ugali ulikuwa unaungua. Nilienda nikazima jiko. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya siku hiyo, nilizima jiko.

Kwenye teksi ya kwenda hospitali Kocha alisema kwa Kipsigis, sauti ya chini, "Ameanguka kwa ngazi za mnara. Si mlipanda?" Akagusa kile kijimfuko cha pasipoti. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi. Aliangalia mguu, akaangalia sikio langu limevimba, akamtoa Kocha nje, akafunga mlango. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mlango ulifungwa. Hakuna aliyenishika. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, "Nini kilitokea?" Nikasema ameanguka kwenye ngazi za mnara. Akavuta kiti karibu, akauliza tena, "Una hakika?" Nikasema nina hakika, na nikaongeza mambo, kwamba ngazi zilikuwa na maji, kwamba nilijaribu kumdaka, ndipo nikaumia sikio. Uongo wangu ulikuwa mzuri, ulikuwa na kila kitu. Nyambura alikuwa macho. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini neno la kuanguka alilijua. Alinitazama. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Sawa. Nimeanguka." Akageuza uso ukutani.

Kesho yake nilikimbia. Ubavu ulinichoma kila nikivuta pumzi, lakini miguu, laana yake, ilikimbia vizuri, nikawa wa nne. Tuliporudi nilikwenda Kedowa kumwona. Mama yake akanipa githeri, mahindi na maharagwe, jikoni, moshi mwingi, Nyambura amelala upande wa pili wa pazia na plasta hadi gotini. Mama akaniuliza, "Hizo ngazi zilikuwa ngapi?" Nikajibu, "Zaidi ya mia tatu, mama." Akapiga ulimi, "Ngai, mia tatu," na kuniongezea githeri.

Kesho yake nilikataa kupanda mizani. Nikamwambia Kocha sikimbii tena, kamwe. Alinipiga siku nne. Siku ya tano alinipiga miguu, na mpira, mapajani, magotini, kwenye nyayo. Nilikuwa nimelala chini nikihesabu, na moyoni nilifurahi kabisa, kwa sababu nilielewa kwamba sina faida tena kwake. Jumapili akanitupia nguo nje. Mwezi wa kwanza alikuwa na msichana mwingine chumbani. Mimi nikaenda Mogogosiek kwa shangazi, nikachuma chai, nikaolewa na mtu mpole, nikazaa, nikanenepa, sijakimbia hata kufuata ng'ombe.

Na Nyambura akawa rafiki yangu miaka hiyo yote. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliuza viazi kando ya barabara Kedowa, anachechemea, anatukana madalali, wote wanampenda. Mtu akimuuliza mguu, anasema, "Nilianguka Ulaya, nyinyi mnaanguka hapa hapa," watu wanacheka. Hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja. Mimi nilijiambia amesamehe. Alipougua, miezi miwili wodini, nilikwenda kila Jumapili na machungwa, namenya, anakula, tunasengenya watu. Jumapili moja aliniambia, "Chebet, kuna kitu unataka kuniambia?" Nikamwambia apumzike.

Pale kwenye hema emsii akaniita. Nilipita mbele ya Kocha, akanisalimu kwa kichwa, mzee na mzee. Nikashika maikrofoni na mikono miwili. "Nyambura hakuanguka," nikasema. "Alivunjwa mguu na huyu mtu ameketi hapa na suti. Alimvunja kwa sababu alinitetea mimi, niliyekuwa mke wa huyu mtu. Mimi nilikuwa hapo. Daktari aliniuliza, nikasema ngazi. Hapa nyumbani mkaniuliza, nikasema ngazi. Hakuna ngazi." Kocha akainuka, anasema kwa sauti, "Huyu mama ni mgonjwa, mtoeni," na kaka mdogo wa Nyambura akamfikia kabla hajamaliza, akampiga kiti cha plastiki usoni. Hema likalipuka kwa kelele. Watu wakamrukia, wengine kumpiga, wengine kumwokoa, kamba moja ikakatika, damu kwenye shati jeupe. Nilitazama, na sitadanganya, nilifurahi. Nilisubiri mtu aje anikumbatie.

Aliyekuja ni mama yake Nyambura. Alikuja na fimbo yake, taratibu, watu wakampisha, kelele ikapungua mpaka ikaisha. Hakumtazama Kocha. Alisimama mbele yangu, mdogo, kitambaa cheusi kichwani, na maikrofoni ilikuwa bado imewaka kati yetu, kwa hivyo kila mtu alisikia.

"Ulikuja wodini kila Jumapili," akasema. "Mbona hukusema akiwa na masikio ya kusikia?"

Dakika zangu tatu zilikuwa hazijaisha. Nikatafuta kitufe cha maikrofoni kwa dole gumba, nikaizima.